Shokapu za Nyuma

Mkia ulianza kutikisika kona ya tatu
tukipanda kutoka Kitangari,
tela nyuma, tangi la lita elfu limepungua robo,
maji yakicheza ngoma yao wenyewe
na Haisi ikiitikia.
Kila shimo tulilipiga mara nne:
mara moja kwa tairi, mara tatu kwa mazoea.
Mchopa, utingo wangu, akashika dashibodi:
"Dada, hili gari au kitanda cha kamba?"

Newala, kwa fundi Nandonde,
nyuma ya ghala la chama cha msingi
ambako vumbi la magunia ya korosho
hukupigisha chafya kabla hujasalimu.
Hakuuliza kitu. Alizunguka nyuma,
akakalia bampa kwa uzito wake wote, akainuka.
Gari likashuka, likapanda, likashuka, likapanda,
likashuka tena
kama mtu anayekubali kila analoambiwa.
"Ya kulia imekufa," akasema. "Ya kushoto inaugua."

Nikamwambia: nifungie ngumu kuliko zote,
za lori kama zipo, maana mimi navuta.
Akajifuta mikono kwenye suruali
iliyokuwa chafu kuliko mikono.
"Mama Maji, sikiliza.
Shokapu habebi.
Anayebeba ni springi, huyu hapa, na wenzake wanne;
wa chini kachoka, tutamwongezea mmoja.
Shokapu kazi yake kumwambia springi:
basi, imetosha.
Ukimweka mgumu mno, siku huna tela
utarukaruka kama bisi kikaangoni."

Dukani zilikuwa za namna tatu.
Za boksi jekundu, bei ya mbuzi mchanga.
Za mtumba, zimesuguliwa kwa mafuta ya taa hadi zikang'aa;
nikasukuma moja, ikaingia, haikurudi,
muuzaji akakumbuka kuangalia simu.
Na za gesi, zimefungwa mkanda.
Alipoukata, fimbo ikajinyoosha yenyewe, polepole,
kama aliyeamka usingizi wa mchana
na hana deni la mtu.
Nilihesabu bei kwa madumu: mia tatu na sitini.
Safari saba tangi likijaa pomoni, na kipande cha ya nane.
Mchopa akaninong'oneza: nunua moja, ile iliyokufa.
"Hawa mapacha," Nandonde akadakia, masikio yake ya fundi.
"Mzima atamchosha mgonjwa, kisha utamrudia huyohuyo mzima."

Nati za zamani zilikataa.
Mafuta ya taa, nyundo, bomba refu kwenye mkia wa spana,
tusi moja la Kimakonde ambalo silitafsiri.
Zilipotoka, mpya zikapanda, nami nikadhani tumemaliza.
"Usikaze bado," akamwambia kijana wake.
"Shusha gari. Funga tela, lisimame na mzigo wake.
Ndipo ukaze.
Ukikaza lingali hewani,
bushi inajifunza kujinyonga."

Nilikaa juu ya dumu nikamkumbuka jirani yangu Somoe,
mwaka ule wa msiba.
Hakubeba deni langu hata moja.
Alikaa tu mkekani, goti lake kando ya langu,
na kila nilipoanza kutetemeka
nilitetemeka mara moja
nikakoma.
Miaka yote nimemwambia watu: Somoe alinibeba.
Sivyo. Neno lake sikuwa nalo.

Tuliteremka kufuata maji jioni hiyohiyo,
Shimo la Mungu likiwa limejaa ukungu upande mmoja.
Shimo la kwanza: du.
Moja tu.
Tukasubiri la pili, halikuja.
Mchopa akaachia dashibodi, akatazama viganja vyake,
akawasha redio.
Kumbe redio ilikuwa mbovu siku zote,
na mlango wa ubavuni unalia,
na kitu fulani, chini ya kiti changu,
kinagonga.