Karani wa Mizani

Miaka kumi na sita nimeketi katika kibanda hiki cha mabati,
barabara ya Chemelil, nikipima miwa.
Lori likija na mzigo, naandika. Likirudi tupu, naandika.
Natoa hiki katika kile, na kinachobaki
ndicho jasho la mtu.

Maumivu yangu nitayatoa katika nini?

Yalianza Machi, mvua ikisitasita.
Mguu wa kulia, chini ya goti.
Kwanza nilisema siafu. Hapana, siafu huonekana.
Shuka likinigusa, nalia. Jiwe likinigonga, sihisi kitu.
Mweleze mtu hilo. Mweleze msimamizi
anayeuliza, "Lakini Apondi, mbona hujavimba?"

Kisumu walinitoa damu chupa tano.
Sukari, sawa. Vitamini, sawa. Virusi, hamna.
Wakanisukuma ndani ya mtambo unaogonga
kama mafundi wa masanduku pale Kibuye,
nikatoka na picha za uti wangu wa mgongo,
umenyooka kama wa msichana wa kwaya.
Daktari Sawe aliziangika kwenye mwanga, akazitazama sana,
kisha akasema, kwa upole ambao bado sijamsamehe,
"Hatuoni kitu."

Akaandika vidonge. Ni vya kifafa, alisema, usishtuke,
vinatuliza neva pia.
Vikanituliza. Vikanituliza hata mkono.
Alhamisi moja, trela la Mzee Kirwa, tani ishirini na moja:
nikaandika kumi na mbili.
Hakugomba. Alirudi kesho yake na risiti imekunjwa mara nne,
akaikunjua polepole mezani pangu
na kusubiri nijionee mwenyewe.

Tangu siku hiyo sivimezi, na tangu siku hiyo silali.

Kila mtu ana lake la kunishauri.
Dada yangu anamjua mwanamke wa Nyakach
anayechanja na kupaka majivu.
Mchungaji anataka siku tatu za kufunga.
Eldoret kuna sindano ya mgongoni,
bei yake ng'ombe wawili, na waliponiandikia barua
hawakuahidi, walisema "huenda,"
na mimi huenda sijawahi kuipima.
Mume wangu hana ushauri. Yeye kila usiku
huufunika mguu wangu kwa kapu alilolikata nusu,
kisha hutandaza shuka juu ya kapu, lisiniguse.
Hiyo nayo ni dawa. Niiandike safu gani?

Nikianza kusema upande huu usingizi, upande ule tarakimu,
upande huu ng'ombe, nakumbuka:
mizani yenye pande mbili ni ya dukani, ya sukari na mchele.
Yangu ni bamba moja la chuma.
Dereva, miwa, tope la magurudumu, utingo aliyelala juu,
vyote hupanda pamoja
na jibu hutoka moja.

Jana jioni, lori la mwisho limeshaondoka,
mlinzi ameenda kununua mkate,
nilipanda juu ya lile bamba mwenyewe.
Kliniki ya Kibigori ilisema kilo sitini na nne.
Mizani yangu ikasema sitini.
Najua kwa nini. Imeundwa kwa malori,
huhesabu kwa ishirini ishirini,
kisichofika haikioni. Haidanganyi, ila haikioni.
Nilisimama pale, miwa iliyodondoka ikinuka uchachu,
na zile kilo nne zikiwaka kutoka gotini hadi ukuchani,
zangu, kamili, hazimo kwenye kitabu chochote.

Nikacheka, peke yangu, kama mwendawazimu.

Nyumbani nilichukua kisu cha mboga
nikakata kidonge katikati.
Nusu iliruka ikaingia chini ya jiko.
Nusu nikaimeza, saa tatu usiku badala ya asubuhi,
jambo ambalo daktari hajaniambia wala hajanikataza;
Jumatatu nitampigia nimuulize.
Sindano bado naifikiria. Ng'ombe bado wako zizini.

Kesho trela la Kirwa ni la kwanza.
Nitaisoma namba mara mbili
kabla ya kugusa kalamu.