Tangi Kavu

Saa nne usiku, Naluwerere. Nachoma mahindi.
Lori la mafuta laja likipapasa lami kama kipofu,
mara ukingo huu, mara ule,
taa moja imekufa.
Napiga tisa tisa tisa.

Inaita. Inaita.
Kisha sauti ya mtu anayetafuna:
"Wilaya gani?" Bugiri.
"Namba ya gari?" Limeshapita, afande.
"Kuna aliyekufa?"
Bado.
"Basi jaribu kituo cha mjini."

Mjini wananiambia gari la doria lipo,
dereva yupo, ila tangi ni kavu,
labda mama una elfu ishirini za mafuta?

Mafuta! Lita elfu thelathini zimenipita sasa hivi
zikiyumba kuelekea Iganga,
kwa Tenywa wangu, njiani na baiskeli isiyo na taa.

Nampigia. Toka barabarani, mwanangu, ingia kwenye miwa.
Haulizi kwa nini. Nasikia majani yakikwaruza simu,
kisha ngurumo, ndefu,
kisha mtu akikohoa vumbi.

Mahindi yameungua upande mmoja.
Saa sita simu inalia. Afande.
"Mama, lile lori,
bado lipo hapo?"