Ramani ya Ailandi

Nimeitandaza ramani juu ya busati,
pembe moja nimeikandamiza kwa mchi,
ya pili kwa kopo la hiliki.
Siku ya kwanza Dablini. Ya pili, kaburi la kilimani
ambamo jua la Disemba huingia kidogo tu,
kama mkwe mwenye haya.

Mama anapepeta mchele.
"Lina miaka mingapi?"
"Elfu tano."
"Na baridi?"
"Na mvua, mama, kila siku."

Chuya zinaruka, zinatua juu ya Golwei.

"Na Takwa, ulikwenda lini?"

Akiba ya viza, miaka mitatu.
Takwa ni hapo tu, ng'ambo. Sijafika.

Nachukua penseli. Juu kabisa, kabla ya Dablini,
naandika: Jumamosi,
maji yakijaa.