Mwokaji Asiyekula Mkate

Saa kumi alfajiri, Kutaisi haijaamka,
Anzori ameinamia mdomo wa tanuru
akibandika donge ukutani kwa kiganja,
pa, pa, pa,
mikate yenye ncha mbili kama mwezi mchanga.
Miaka thelathini na mmoja anaioka
na tangu Februari haijagusa ulimi wake.

Daktari alikuwa binti wa juzi, miwani imemshuka puani.
Akamzungushia utepe kiunoni, utepe ukaishia njiani.
“Acha wanga,” akamwambia.

Si wale wanaoruka na ungo.
Hawa ni wa mezani: mkate, viazi,
sima ya mahindi aliyolelewa nayo,
vijiko vitatu vya sukari katika chai.
Lakini usiku huja vilevile,
humkalia kifuani, humnong’oneza
habari za siagi inayoyeyuka juu ya ukoko wa moto.

“Kukonda nitakonda,” Anzori alijibu.
“Mikono tu usiniguse.
Lamara yuko ghorofa ya nne.”

Ikabidi aeleze. Mkewe, tangu kiharusi,
upande wa kushoto umelala.
Lifti ya jengo lao hula sarafu na haipandi.
Kila Alhamisi kuna mazoezi ya viungo,
ngazi sabini na mbili kushuka,
sabini na mbili kupanda,
Lamara mikononi mwake kama bibi harusi
na moyo wake Anzori ukigonga kama mdai kodi.

Daktari akavua miwani.
“Basi kula mayai. Kula nyama, samaki, jibini,
protini isikose sahanini hata siku moja.
Na unyanyue vitu vizito.
Mwili wenye njaa ni mwizi asiyechagua;
usipoulinda msuli, ataubeba pamoja na mafuta.”

Vitu vizito!
Anzori alicheka hadi kituo cha basi.
Nyuma ya tanuru lake kuna magunia ya unga,
kilo hamsini kila moja,
hayo hayo yaliyompa kitambi.
Sasa huyainua kutoka sakafuni hadi begani,
mara nane, anapumzika, mara nane tena,
vumbi jeupe likimwingia kwenye nyusi.
Unga aliokuwa akiula, leo anaubeba tu.

Juma la kwanza kichwa kilimgonga kama kengele,
vigimbi vikamkaza usiku, akanywa
mchuzi wa mifupa wenye chumvi, akalaani
tanuru, daktari, na ngano tangu ilipopandwa.
Bibi Tsiuri, mteja wa miaka yote,
aliugeuza mkate wake chini juu:
“Mwokaji hauonji? Umetia nini humu?”
Ilibidi amkatie kipande mkwewe mbele ya foleni, amwambie, tafuna.

Na kwenye ubatizo wa mjukuu, Mei,
aliteleza. Mkate wa jibini uliletwa ukitoa moshi.
Kipande kimoja, akasema.
Vilikuwa vitano.
Mizani ya duka la dawa haikusogea siku kumi na mbili
naye hakumwambia mtu.

Kilo mia na kumi na tisa. Mia na kumi na tatu. Mia na tano.
Kamba ya aproni, iliyokuwa ikifungwa kwa taabu mgongoni,
sasa inazunguka na kurudi mbele,
na fundo liko pale palipokuwa na tumbo.

Alhamisi hii, mvua inapiga madirisha ya ngazi.
Ghorofa ya tatu kuna mlango wa buluu,
hapo ndipo humegemeza Lamara ukutani
akijifanya anatafuta funguo, kumbe anatafuta pumzi.
Leo mlango wa buluu umepita,
wala hakuuona.
Lamara ameuona.
Ameinua mkono wake mzima,
akamgusa shingo, pale kidevu cha pili kilipokuwa,
na kwa nusu ya mdomo inayomtii
akasema polepole:
“Bado unanukia mkate.”