Ukuta wa Mbali

Kiti changu cha plastiki kiko ukuta wa mbali,
njia ya tatu na ya nne.
Nani anashinda, hayo ni ya wenzangu.
Mie naangalia viganja tu.

Baushar, mwezi wa nane. Nje lami inanata viatuni.
Ndani tumekusanya simu zote kwenye kapu la nguo
maana leo ni siku ya wasichana,
na kina baba wamebaki garini na viyoyozi vyao,
wakihesabu madirisha ya jengo.

Mita mia, mtindo wa chura.
Sheria zake nazijua kama Alhamdu:
kichwa kikate uso wa maji kila mvuto,
nyayo zigeuke nje zinaposukuma,
teke la pomboo ni moja tu baada ya kujirusha,
moja tu baada ya kugeuka,
mwenye kuiba la pili hana mbio.
Na ukutani: mikono miwili, iliyoachana, kwa pamoja.
Si lazima ilingane kimo.
Lazima ilingane wakati.

Hili nilifunzwa kabla sijajua kuogelea.
Nyumba ya Al-Khuwair, bibi yangu Bi Zamzam
alinishikilia sahani ya mkate wa ufuta, haachii,
hata nilete na mkono wa pili.
"Kikombe cha kahawa, wa kulia, ndiyo ada ya hapa," akisema.
"Lakini sahani ni yetu sisi. Mmoja wadai, miwili wapokea."

Njia ya nne ni Ghaniya binti Hamdun, miaka kumi na minne.
Mama yake na mie tunaazimana sufuria.
Alikuja mbele ya wote, mwili mzima mbele,
maji yakimfungukia kama pazia la duka,
akagusa.

Wa kushoto.

Wa kulia ulikuwa bado njiani,
kama mtu anayetafuta kandambili zake mlangoni pa msikiti.
Ukafika. Lakini ulifika peke yake.

Tuliambiwa kwenye mafunzo: ukiingiwa na shaka,
shaka ni haki ya muogeleaji.
Niliitafuta. Wallahi niliitafuta
kwenye povu, kwenye mng'ao wa taa,
kwenye miwani yangu yenye mvuke.
Sikuipata.

Nikainua mkono. Kwangu mmoja watosha.

Na hapa ndipo pagumu, kwa sababu yeye hajui.
Ana mita hamsini mbele yake, na hazihesabiwi tena.
Anavuta, anapumua, anapiga, anateleza,
sijapata kumwona akiogelea hivi,
mgongo unapanda na kuzama, haugombani na maji hata kidogo.
Jukwaani vigelegele. Mama yake, Thuwaiba,
amevua kiatu na anakipiga kwenye ubao wa tangazo la maziwa.
Mkono wangu bado uko juu, unakufa ganzi,
hakuna anayeutazama ila refa,
aliyeinamisha kichwa mara moja: nimeuona.

Ukuta wa mwisho akaugusa kwa miwili. Pamoja. Safi kabisa.

Nikaandika kwa kalamu ya risasi, kwani wino hauwezi na mikono yetu:
njia ya nne, mgeuko wa kwanza, mguso haukuwa wa pamoja.
Fomu ni ya Kiarabu.
Haya niliyoiona ni ya Kiswahili.

Alinikuta kwenye ukumbi mwembamba unaonuka klorini na udi,
taulo kichwani, macho mekundu, huenda ni klorini.
"Mkono gani, shangazi?"
"Wa kulia."
Akautazama. Akaukunja, akaukunjua.
"Ndio ninaoandikia," akasema, kama anayeshtaki ndugu,
akaenda zake, maji yakimdondoka hadi mlangoni.

Thuwaiba alipita na begi. Alinisalimu.
Salamu kamili, ya mtu asiyesema na wewe.

Sufuria yake bado iko jikoni kwangu, ile kubwa ya biriani.
Kesho nitaipeleka.
Ina vishikio viwili.