Kitanzi

Nesi wa Kiborloni alipanga vitu mezani:
vidonge, sindano, vijiti vya mkononi,
na kile kidogo cha shaba, chenye uzi.
"Hiki tunakiita kitanzi."

Aikaruwa akajishika shingo.
Kwao Mbokomu kitanzi ni cha mbuzi,
na mwaka ule kahawa ilipokosa bei
kilikuwa cha kaka yake, Ndesario.

"Hakina jina lingine?"
Nesi alicheka, kisha akaacha kucheka.

Enzi za mama yake walisema majira.
Fulani anameza majira,
utadhani mtu anaweza kumeza masika
na kuyatema shamba likiwa tayari.
Jina tamu.
Mama alizaa tisa, akilipenda jina tu.

Sasa kihamba kimegawanywa mara tatu.
Masale ya mpakani yamesogeleana
kama watu wanaonong'ona,
na mgomba wa huyu unaangukia mlango wa yule.
Wa nne akija, atasimama wapi?

"Niwekee," alisema, akipanda kitandani.
"Ila kwenye kadi andika majira."

Nesi alitazama mlango, akaandika:
Majira. Ya shaba.
Miaka kumi.