Kisiwa Ndani ya Fuvu

Wete, saa nane za usiku. Umeme umerudi
kupitia waya ule uliolala chini ya bahari,
nami nimelifungua tena jedwali langu:
majaribio thelathini na saba,
watu mia saba na kitu, wa miji nisiyoifika,
waliolazwa ndani ya bomba la sumaku
wakachomwa chuma cha moto mkononi,
wakabanwa na barafu, wakadungwa sindano,
wakaambiwa: usitikisike.

Kila chungu imeniachia tarakimu tatu:
kushoto au kulia, mbele au nyuma, juu au chini.
Nukta moja haina kauli. Kila mtafiti huapia yake.
Basi kila moja naivika ukungu mdogo,
maana hakuna aliyepima asikosee,
kisha nazilaza, fuvu juu ya fuvu,
kama tulivyonakili ramani ya Pemba shuleni
kwa karatasi iliyopakwa mafuta ya taa.

Na nukta za uongo, mara elfu kumi,
nazimwaga ovyo, kama Faki amwagavyo karafuu jamvini,
nione bahati peke yake yaweza kuchora nini.
Kisichoishinda bahati nakipepeta.

Alfajiri pamebaki pahala pamoja, kila upande,
pamejikunja ndani, nyuma ya pazia la nyama.
Nikafungua kitabu kulitafuta jina.
La Kilatini. Maana yake: kisiwa.

Nilicheka hata jirani akagonga ukuta.

Bi Mkasi huyo, ana jino. Wiki ya pili sasa
anatafuna karafuu na kuapa
hajazaliwa binadamu ayajuaye maumivu haya.
Nikamwambia, yana pao, bibi, nimepaona,
ya kila mtu yanabisha mlango mmoja.
Akanitazama, shavu limevimba:
"Kwani langu umeliona humo?"

Sikuliona. Katika mia saba na kitu
hamna hata mmoja wa huku.
Na kisiwa kile, nisifiche, huitikia mengi:
njaa, kinyaa, moyo kwenda mbio,
hata mtu anayengoja tu kuumizwa.
Aitikiaye kila hodi,
utajuaje nani aliyebisha?

Hayo nimeyaandika, aya ya mwisho, kwa herufi zilezile.
Kisha nikampeleka kwa daktari wa meno.
Benchini alinishika kifundo cha mkono,
akikaza kila jino lilipopwita.
Mlango ukafunguliwa, koleo likalia kwenye sahani,
nami, nisiyechomwa wala kudungwa,
nikakunja uso kabla yake.